Kijani Kwenye Kioo

Kambini, 3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimefika salama, mgongo tu ndio bado uko njiani. Kambi yetu ni mabanda tisa ya mabati kando ya mto, na daraja lenyewe kwa sasa ni nguzo mbili zinazotazamana kama watu waliogombana. Simu haishiki mtandao mpaka upande kilima, na huko juu nako ni bahati nasibu, kwa hiyo tumerudi kwenye kalamu. Dereva wa lori la saruji anapeleka na kuleta barua kila Alhamisi.

Sasa tuje kwenye tangi langu. Najua ulikubali kulitunza kwa sababu nilikuomba mbele ya watu. Asante hivyo hivyo. Sebule yako inatazama ukuta wa ghala na jua halifiki, ndiyo maana nilichagua mimea isiyodai mwanga mwingi. Haina makuu. Inakua polepole, na usipoiingilia itakushukuru. Taa iwake saa nane mchana, izimwe saa mbili usiku, basi. Kila Jumamosi utoe robo ya maji, utie mengine yaliyolala ndooni. Chakula cha samaki ni kile kinachokaa kwenye ncha za vidole viwili, si kiganja kizima, nakujua. Anubiasi, ule mmea wa majani mapana magumu, na kangaga la majini, lile la majani marefu, nimevifunga kwa uzi juu ya mawe. Viache hapo hapo.

Samaki ni saba. Ukihesabu sita, mmoja yuko nyuma ya jiwe.

Mpwa wako,
Rula


Nyumbani, 13 Machi

Rula,

Marahaba, tena mara mbili. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke, hata redio naona inaongea peke yake.

Nimelea mtoto mmoja tu maishani, nawe ndiye, na hukuja na masharti mengi kama majani haya. Ule wa majani mapana niliukuta umekaa juu ya jiwe mizizi nje, kama mtu aliyetoka bafuni bila taulo. Nikauonea huruma. Nimeuzika kwenye changarawe mpaka shingoni, sasa una heshima zake.

Ila sebule hii ina giza siku hizi, mwanangu. Nadhani wenye ghala wameupaka ule ukuta rangi. Mama Cherehani wa ghorofa ya juu amekuja kunipimia pazia jipya, anasema ukuta uko vile vile. Lakini yule anashinda na balbu ya cherehani puani, macho yake yamezoea kuunguzwa.

Dukani hakuna jipya. Mwalimu mkuu amehamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Eti kiti chake kinazunguka. Mtu mzima na mvi zake anataka kuzungushwa!

Mjomba wako,
Wembe


Kambini, 20 Machi

Mjomba,

Shikamoo, halafu fukua! Fukua leo hii, kabla hujamaliza kusoma!

Lile shina nene linalotambaa halitakiwi kufunikwa. Likizikwa linaoza, na mmea mzima unakwenda nalo. Hiyo mizizi iliyo nje ndiyo mavazi yake. Uoshe taratibu, uufunge tena juu ya jiwe kwa uzi wa pamba, usikaze.

Mengine Alhamisi ijayo, lori linapiga honi.

Rula


Nyumbani, 29 Machi

Rula mpenzi,

Marehemu amefufuliwa. Alikuwa hajaharibika. Uzi amefunga Mama Cherehani, maana mimi vidole vyangu vina mafuta ya nywele na fundo lilikuwa linaniteleza. Yule mama ana mkono mwepesi, amefunga huku akinisema.

Ni yeye pia aliyeona madoadoa meusi chini ya majani ya kangaga, yamepangana kama vifungo vya shati. Nadhani ni ugonjwa. Nilikate? Nijibu upesi, kabla halijawaambukiza samaki.

Bega linaniuma kidogo. Kabati la vyombo limesogea, au mimi nimesogea, tukakutana mlangoni. Na giza hili ndilo linalosababisha, kwa hiyo nimeanza kuwasha taa ya tangi asubuhi. Inanisaidia na mimi. Majani yako hayalalamiki.

Mama Cherehani anasafiri Jumatatu kwenda kwa dada yake aliyejifungua mapacha, wiki nane nzima. Nitakula kwa amani.

Wembe


Kambini, 9 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Weka mkasi chini. Madoadoa hayo si ugonjwa, ni uzazi. Kangaga huzalia kwenye majani yake. Wiki chache zijazo utaona vimmea vidogo vimening'inia hapo na vimizizi kama ndevu za kijana anayejilazimisha. Hongera, umekuwa babu.

Lakini taa usiizidishe. Saa sita kwa siku, saba, nane zikizidi sana. Mimea hii imezoea kivuli. Mwanga ukizidi haiutumii, na kile isichokila huliwa na mwingine.

Mimi nashinda nyuma ya darubini ya vipimo. Mafundi wananiita Bibi Milimita, maana juzi niliwasimamisha kwa ajili ya upana wa kucha. Wakanuna. Tulipopima upya wakaniletea kiti. Mhandisi mkuu siku hizi ananisalimia kwa jina zima, kama mtu mwenye jambo.

Mbona mistari yako inapanda juu kulia? Unaandikia gotini?

Pumzisha bega. Na hilo kabati, tangu nizaliwe halijawahi kutembea.

Rula


Nyumbani, 6 Mei

Rula,

Marahaba mwanangu. Leo nina habari njema tupu.

Tangi lako limenawiri! Ukiliona utalia. Kijani kimejaa, hakikai tena kwenye mimea peke yake, kimepanda mpaka kwenye kioo, pande zote, kama zulia. Nikipitisha kidole kinateleza. Umeniachia majani manne, utakuta shamba. Siri yake ni taa, naiwasha tangu ninapoamka hadi ninapolala. Nisamehe nimevunja sharti, lakini matunda unayaona. Samaki wametulia, wamejificha humo humo, kuwahesabu ndiyo kazi.

Dukani siku hizi nina nafasi ya kupumzika, umri nao unataka haki yake. Mama Cherehani hajarudi. Chakula changu hakina anayekisema, ndiyo maana hakina ladha.

Naandikia mezani, si gotini. Meza ndiyo imepinda.

Wembe wako


Kambini, 14 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilicheka.

Hicho kijani kwenye kioo si shamba. Ni mwani. Unaota pale mwanga unapozidi mahitaji ya mimea, na hauoti gizani. Taa unayoiwasha kutwa inatosha kuotesha mwani, ila haitoshi kukuondolea giza unaloniambia tangu mwezi wa tatu. Tangi linasema mwanga umejaa tele. Wewe unasema ni giza. Mmoja wenu amekosea, na tangi halina macho ya kuumwa.

Ningekuwa nacheza na wewe ningeishia hapo. Lakini nimezitandaza barua zako zote kitandani. Ya kwanza mistari imenyooka kama ulivyonifundisha mwenyewe kwa kamba na chaki. Ya mwisho mistari inamaliza karatasi ikaendelea mezani, na neno "samaki" umeliandika juu ya neno jingine. Mwalimu mkuu aliyenyolewa na wewe tangu hana ndevu amehama kwa sababu ya kiti? Kabati limekugonga bega, bega la kulia, si ndiyo?

Nifanyie jambo moja. Saa tisa mchana, taa ikiwa imewaka, futa kioo cha mbele kwa kitambaa. Kaa kwenye kiti chako, tazama jiwe la katikati. Ziba jicho la kushoto kwa kiganja. Usigeuze shingo. Niambie unawaona samaki wangapi. Kisha ziba la kulia, uhesabu tena.

Niambie idadi ya kweli. Sitapiga kelele.

Rula


Nyumbani, 22 Mei

Mpwa,

Barua yako nimeipata. Mimi nimenyoa watu miaka thelathini na minne, sijapimwa macho na samaki.

Niko salama. Fanya kazi yako iliyokupeleka huko. Kioo nimekifuta.

Mjomba wako


Ghorofa ya juu, 27 Mei

Mwanangu Rula,

Hujambo? Mimi ni Mama Cherehani. Sijawahi kukuandikia, na mwandiko wangu ni wa kuandika vipimo vya viuno, unisamehe.

Nimerudi kwa dada yangu Jumamosi. Nilipoingia kwa mjomba wako nilidhani tangi wamelipaka rangi. Nikamwambia, "Wembe, hii nini?" Akanijibu kwa ubishi, "Kioo nimeshakifuta. Huoni lilivyonawiri?" Hata mtoto angeona ni uchafu.

Barua yako ilikuwa mezani, wazi. Nimeisoma, sijuti. Alikuwa ameshakujibu na ameshatuma. Nikakifuta upya kioo cha mbele, nikamwambia, "Kaa hapo, tuhesabu." Akagoma. Nikamwambia sitapanda juu mpaka ahesabu, nikavuta kiti. Mwisho akaziba jicho.

Jicho la kulia likiwa peke yake aliona wawili. La kushoto, aliona sita. Nilikuwa nawaona wote saba, mwanangu, wamepanga foleni mbele yake kana kwamba wanataka kusaidia.

Akasema, "Hesabu tena, wamehama." Nikahesabu tena. Wawili.

Halafu ndipo akaniambia ya dukani. Wakati sipo alimkata mteja wake wa zamani, dereva wa gari la wagonjwa, nyuma ya sikio la kulia. Kidonda kidogo tu, na yule bwana alicheka. Lakini mjomba wako alikaa kwenye kiti cha wateja, mwenyewe, kitambaa mkononi, kisha akafunga duka. Mpaka leo hajalifungua.

Nilimuuliza kwa nini hakukuambia. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Huyu mtoto alishaacha shule mara moja kwa ajili ya mgonjwa. Dada yangu alimla miaka mitatu ya ujana wake. Mimi sitamla mingine." Akanikataza nisikuandikie. Nikamwambia sawa. Nikapanda juu, nikachukua kalamu.

Wewe ndiye utakayejua la kufanya. Mimi nipo, nikiitwa nasikia.

Mama Cherehani


Kambini, 4 Juni

Mjomba wangu, Wembe wangu, mkaidi wangu,

Shikamoo.

Mama Cherehani ameniandikia. Usimnunie. Ukimnunia utabaki na redio.

Kuna kitu sijawahi kukuambia kwa sababu nilidhani unakijua. Sikuacha shule kwa sababu mama aliugua. Niliacha kwa sababu mlinificha. Mama alificha, wewe ukamsaidia kuficha, mkaniambia ni uchovu, ni hali ya hewa, na kila Jumapili tulikula kama kawaida. Nilipokuja kuambiwa alikuwa hawezi kusimama, na wewe umeshachoka mpaka unasinzia na wembe mkononi. Hapo hapakuwa tena na cha kupanga, palikuwa na kubeba tu, nikabeba. Ningejua mwaka mmoja kabla tungegawana zamu. Wewe asubuhi, mimi jioni, na shule ningesoma. Miaka yangu mitatu hakuila mama. Iliyoila ni siri.

Sijakulaumu, na hata leo sikulaumu. Ulinifunga vizuri baadaye, kama mmea juu ya jiwe lake, ukanirudisha darasani nikiwa mkubwa kuliko wenzangu wote, ukasimama getini na koti lako la kinyozi ili mtu asinicheke. Leo nasimamisha mafundi kwa sababu yako. Lakini usiniletee siri ya pili.

Na mimi nimekuficha. Tangu mwezi wa nne mhandisi mkuu ananiomba nibaki kwa daraja linalofuata, miaka miwili, niwe msimamizi wa vipimo vyote. Nilikaa kimya kwa sababu nilishaamua kukataa. Nilijiambia, nani atamtazama Wembe? Unaona tulivyo? Wewe unaficha ili nisirudi, mimi naficha ili nirudi.

Basi tuelewane. Nenda kliniki ya macho kabla mwezi huu haujafika tarehe ishirini. Uende na Mama Cherehani, asikie kwa masikio yake. Halafu uniandikie kila kitu, hata kikiwa kibaya. Ukinieleza, nitabaki na nitasaini. Ukinificha, hata kwa jambo dogo, napanda lori la Alhamisi na mizigo yangu, na hilo daraja lijipime lenyewe.

Nakupenda. Usijibu kwa mistari mitatu.

Rula


Nyumbani, 19 Juni

Rula mwanangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa Mama Cherehani, maneno ni yangu. Nimemwambia asiongeze kitu. Ameguna.

Tulikwenda juzi. Kliniki ina benchi refu, watu wote wamekaa wanatazama sakafu, na mimi nikawatazama kwa jicho langu moja na nusu. Daktari ni binti mdogo kuliko mashine zake. Akaniweka kidevu kwenye chuma, akasema patatokea vinuru vidogo, nikikiona kimoja nibonyeze. Kwa jicho la kushoto nilibonyeza kama mpiga ngoma. Kwa la kulia nilikaa nikisubiri, nikasubiri, nikamwambia, "Daktari, mashine imezimika." Akasema, "Inafanya kazi, baba." Hakusema kwa ubaya. Lakini hapo ndipo niliogopa, na ulitaka nikueleze kila kitu.

Ni presha ya macho. Inakula kutokea pembeni bila kuuma, ndiyo maana mtu hashtuki. Kilichokwenda jicho la kulia hakirudi, alinirudia hilo mara mbili mpaka niliposema nimeelewa. La kushoto limeguswa kidogo tu na linaweza kulindwa. Nimepewa matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Kama ningesubiri mwaka mwingine, alisema, tungekuwa tunaongea mengine. Akauliza nani aliniambia nije. Nikamwambia samaki. Akaandika, sijui aliandika nini.

Barua yako iliniuma. Niliisoma, kisha Mama Cherehani akanisomea tena, maana nilitaka kusikia ile sehemu ya mama yako kwa sauti ya mtu. Umesema kweli. Dada yangu aliniapisha, nikadhani kiapo kwa mgonjwa ni kikubwa kuliko haki ya mtoto. Nisamehe, Rula. Nilitaka kukuachia siku za kucheza, nikakuibia siku za kujiandaa.

Wembe nimeuweka sandukuni. Daktari hakunikataza mashine ya nywele, ila nimejikataza mwenyewe mpaka nipimwe tena mwezi wa tisa. Duka limefunguliwa tena. Yule kinyozi wa ng'ambo alikuja mwenyewe, akasema pango lake linaisha, akahamishia kiti chake kwangu. Yeye ananyoa, mimi naosha vichwa na kuongea, kazi niliyokuwa naifanya vizuri kuliko kunyoa tangu mwanzo. Mwalimu mkuu amerudi. Nimemzungusha mwenyewe mpaka akaomba poo.

Taa nimeirudisha kwenye saa sita zako. Kioo nakifuta kwa vidole, pale nisipopaona napasikia, mwani ni telezi na kioo safi kinashika kidole. Umepungua sana. Wajukuu wa kangaga ni watano, wawili nimeshawafunga juu ya mawe yao. Mafundo ni yangu, nimefunga nimefumba macho ili nizoee.

Kwa hiyo nimekueleza, nawe timiza upande wako. Saini. Likizo njoo tukuone, lakini usije kuniuguza, mimi si mgonjwa, mimi ni mtu mwenye matone.

Sasa nimemtuma Mama Cherehani akachemshe chai, na hapa chini naandika mwenyewe, mistari ikipanda ipande. Ulisema hata jambo dogo. Tulipotoka kliniki barabara ilikuwa na magari mengi upande wangu wa kulia, nikamshika mkono ili tuvuke. Tulipofika ng'ambo sikuuachia. Tulitembea hivyo mpaka nyumbani. Sijui maana yake. Nakueleza tu.

Wembe

N.B. Mwanangu, bahasha nimefunga mimi, na nimesoma. Alipaswa kujua kwamba chai haichukui muda mrefu hivyo. Saini kazi yako, usiwe na wasiwasi. Maana yake anaijua vizuri sana, na mimi pia.

Mama Cherehani